Marekani Inaibana China kwa Chipu: Mbona Mzigo wa Kichina Haupungui Tanga?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina banda la ufundi wa simu na vifaa vya sola hapa Ngamiani, Tanga. Redioni nasikia Marekani imeizuia China kupata chipu, mara mashine, mara kampuni fulani imeingizwa kwenye orodha. Lakini mzigo unaotoka Kariakoo ni wa Kichina mtupu, na wateja wangu wanaendelea kununua simu mpya. Kijiweni wenzangu wamegawanyika: kuna wasemao China imekwisha, na kuna wasemao vikwazo ndivyo vinavyoikomaza. Nani mkweli? Na sisi wa huku yanatuhusu nini?

Jibu: Marahaba, fundi. Pande zote mbili za kijiwe chenu zina hoja, ila kila upande unazungumzia chipu yake. Kwenye chipu za juu kabisa, zile za kompyuta kubwa za akili mnemba na simu za bei ya mamilioni, vikwazo vimeiumiza China na vinaendelea kuiumiza. Kwenye chipu za kawaida, zinazojaa mezani kwako kila siku, vikwazo hivyo hivyo vimeisukuma ijitegemee kwa kasi ambayo isingeifikia kwa hiari yake. Mambo haya mawili yanakwenda sambamba ndani ya nchi moja, ndiyo maana anayeangalia moja tu humwona mwenzake mwongo.

Tuanze na meza yako. Simu kama Tecno Spark Go 2024 ina chipu ya Unisoc T606. Unisoc ni kampuni ya Shanghai. Inabuni chipu, lakini T606 hutengenezwa na kiwanda cha TSMC cha Taiwan kwa teknolojia ya nanomita 12 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita; namba ikiwa ndogo, chipu ni ya kisasa zaidi). IC ya chaji iliyo jirani yake, IC ya kugawa umeme, MOSFET (swichi ndogo za umeme) za kwenye inveta na kidhibiti cha sola ni za teknolojia kongwe zaidi, ambazo viwanda vingi duniani vilishazimudu zamani. Vikwazo vikuu havikulenga hata moja kati ya hizo.

Amri ya Marekani ya tarehe 7 Oktoba 2022, ambayo ndiyo mzizi wa habari nyingi unazosikia, ililenga vitu vichache vilivyoainishwa kwa vipimo. Ilizuia chipu za kufundishia akili mnemba, kama A100 na H100 za Nvidia, kampuni ya Kimarekani. Ilizuia mashine na vipuri kwenda kwenye viwanda vya China vinavyotengeneza chipu za kuchakata za nanomita 16 au 14 kushuka chini, memori za DRAM (za kufanyia kazi, RAM) za nanomita 18 kushuka chini, na memori za NAND (za kuhifadhia mafaili) zenye matabaka 128 au zaidi. Pia iliwakataza raia na wakazi wa Marekani kuvisaidia viwanda hivyo bila leseni. Kifungu hiki cha mwisho hakizungumzwi sana, nami nakiona kilikuwa na makali kuliko vyote. Wataalamu wa kampuni za Marekani waliokuwa wakihudumia mashine ndani ya kiwanda cha memori cha YMTC, mjini Wuhan, waliondolewa ndani ya siku chache. Mashine zilibaki, watu wa kuzinyoosha wakaondoka. Wewe fundi unajua kifaa kisicho na mtu wa kukirekebisha kinaishia wapi.

Kwamba kubanwa kunauma, ushahidi upo tangu 2018. Aprili ya mwaka huo Marekani iliikatia kampuni ya simu na mitambo ya mawasiliano ya ZTE vifaa vyote vya Kimarekani, baada ya kuituhumu kukiuka masharti ya kesi iliyohusu mauzo yake kwa Iran na Korea Kaskazini. Ndani ya majuma machache ZTE ikatangaza kwamba shughuli zake kuu zimesimama. Kampuni yenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi ilisimama kwa kukosa chipu! Ilifunguliwa baada ya kukubali faini ya dola bilioni 1, kuweka dhamana ya dola milioni 400 na kubadilisha uongozi wake. Naamini siku zile ndizo zilizowaamsha viongozi wa Beijing kuliko hotuba yoyote. Mpango wa kujitegemea kwenye chipu walikuwa nao tangu 2014, walipoanzisha mfuko wa taifa wa sekta hiyo, lakini kiwanda chenye njia ya kununua kitu kilicho bora hakina haraka ya kusubiri cha nyumbani.

Kisha ikaja zamu ya Huawei. Mei 2019 iliingizwa kwenye orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia ya Marekani bila leseni. Hapo ndipo zilipoanza simu unazoletewa na wateja wakilalamika hazina Play Store. Mate 30 ya mwisho wa 2019 ndiyo simu yake kubwa ya kwanza kutoka bila huduma za Google. Hata hivyo Huawei bado ilikuwa ikibuni chipu zake za Kirin na kuzipeleka TSMC kutengenezwa. Mei 2020 Marekani ikaziba na tundu hilo: chipu yoyote iliyobuniwa na Huawei na kutengenezwa kwa mashine au programu zenye teknolojia ya Kimarekani, popote duniani, sharti ipate leseni. Kuanzia katikati ya Septemba 2020 TSMC ikaacha kuipelekea. Novemba Huawei ikauza tawi lake la simu za Honor. Mapato yake, yaliyokuwa yuani bilioni 891.4 mwaka 2020, yakashuka hadi yuani bilioni 636.8 mwaka 2021. Kampuni iliyokuwa imeshika nafasi ya kwanza duniani kwa idadi ya simu katika robo ya pili ya 2020 ilitoweka kwenye tano bora. Anayesema vikwazo ni kelele tupu aitazame hesabu hiyo.

Lakini aendelee kuitazama mpaka 2024, mapato yaliporudi yuani bilioni 862.1. Ili kuelewa imewezekanaje, lazima nikueleze jinsi chipu inavyochorwa.

Mwanga ndiyo kalamu ya kuchorea chipu, na kalamu nene haiwezi kuandika herufi ndogo. Mashine nyingi zinazotumika duniani hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Mashine za kizazi kipya, zinazoitwa EUV, hutumia mwanga wa nanomita 13.5, na anayezitengeneza duniani ni mmoja tu: ASML ya Veldhoven, Uholanzi. Ndani ya mashine hiyo matone ya bati lililoyeyushwa hudondoshwa 50,000 kwa sekunde, kila tone likapigwa kwa leza mpaka likatoa mwanga huo, kisha mwanga ukaongozwa na vioo vya Zeiss vya Ujerumani ambavyo ulaini wake hauna mfano. Leza inatoka Trumpf, Ujerumani pia. Chanzo cha mwanga kilibuniwa na Cymer ya San Diego, California, Marekani, ambayo ASML iliinunua mwaka 2013. Mashine moja ina zaidi ya vipande 100,000 na bei yake inapita dola milioni 150. Sasa unaona Washington inapata wapi sauti juu ya mashine ya Kiholanzi: moyo wake uko California. Tangu 2019 Uholanzi haijatoa leseni ya kupeleka EUV China. Mwaka 2023 Japani na Uholanzi zikaweka udhibiti hata kwenye baadhi ya mashine za kizazi kilichotangulia. Japani ilianza Julai na Uholanzi Septemba.

Bila EUV, kiwanda cha SMIC cha Shanghai kilifanya nini? Kilichukua mashine za nanomita 193 zilizokwishanunuliwa na kuchora tabaka moja kwa awamu kadhaa: mistari ya kwanza, kisha mistari mingine katikati ya ile ya kwanza, na kadhalika, mpaka michoro ikakaribiana kuliko uwezo wa asili wa mwanga wenyewe. TSMC nayo ilitoa chipu zake za kwanza za nanomita 7 kwa mbinu ya namna hiyo, kwa hiyo hakuna muujiza hapo. Ugumu ni kwamba kila awamu lazima iangukie mahali pake kwa kosa la nanomita chache tu. Awamu zikizidi, makosa yanazidi. Makosa yakizidi, kwenye kila sahani ya silikoni, ambayo chipu nyingi huchongwa juu yake kwa pamoja, chipu nzima zinapungua na mbovu zinaongezeka, na gharama ya zile mbovu inabebwa na zile nzima. Tarehe 29 Agosti 2023 Huawei ilianza kuuza Mate 60 Pro bila hata sherehe ya uzinduzi, huku waziri wa biashara wa Marekani, Gina Raimondo, akiwa ziarani China. Ndani mlikuwa na Kirin 9000S ya nanomita 7 kutoka SMIC.

Wengi walitangaza siku hiyo kwamba vikwazo vimeshindwa. Mimi sikubaliani nao. Mwaka huo huo TSMC ilikuwa inatengeneza za nanomita 3 kwa wingi, kwa EUV, kwa upotevu mdogo. Kufika nanomita 7 kwa mashine za nanomita 193 ni kazi ya heshima, na kila mhandisi anapaswa kuwavulia kofia waliofanya hivyo, lakini ngazi inayofuata kwa njia hiyo ni ghali zaidi, na inayofuata ghali kupindukia. Pengo halijazibwa. Kilichopatikana ni uwezo wa kuishi ukiwa nyuma, na kwa nchi yenye wateja wengi kama China, kuishi nyuma kidogo si kufa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa uliweke moyoni, maana ndilo linaloamua kila kesi ya vikwazo vya chipu. Kabla ya 2018, meneja wa kiwanda cha chipu cha Kichina hakuwa na sababu yoyote ya kununua mashine ya Kichina. Laini yake inafanya kazi usiku na mchana. Kuweka mashine isiyothibitishwa ni kuhatarisha sahani za silikoni za mamilioni ya dola. Alinunua Applied Materials na Lam za Marekani, Tokyo Electron ya Japani na ASML, akalala usingizi. Mtengeneza mashine wa Kichina akakosa mteja, na bila mteja akakosa makosa ya kujifunzia, maana mashine ya namna hii huiva kwa kutumika kiwandani miaka na miaka, mhandisi wa muuzaji akikaa bega kwa bega na mhandisi wa kiwanda wakitafuta kwa nini sahani ya saa tisa usiku imetoka na doa. Vikwazo vilimpa mtu huyo kile ambacho serikali yake haikuweza kumpa kwa fedha: mteja asiye na pa kwenda. Kampuni ya Naura ya Beijing, inayotengeneza mashine za kuchimba na kupaka matabaka ya chipu, mapato yake ya 2024 yalikuwa takriban mara tatu ya yale ya 2021. SMIC yenyewe, iliyowekwa kwenye orodha ya Marekani Desemba 2020, mwaka huo ilipata dola bilioni 3.9; mwaka 2024 ilipata dola bilioni 8. Mei 2024 awamu ya tatu ya mfuko wa taifa ilianzishwa kwa mtaji wa yuani bilioni 344.

Na kabla milango haijafungwa, China ilinunua kwa pupa kila kilichoruhusiwa. Katika robo ya pili ya 2024, asilimia 49 ya mauzo ya mashine za ASML yalikwenda China. Mwaka huo mzima matumizi ya China kwa mashine za chipu yalikaribia dola bilioni 50. Sehemu kubwa ya mashine hizo ni za chipu za kawaida, hizo zako. Vikwazo vilivyolenga kileleni vimejaza bondeni.

Mchezo huu umewahi kuchezwa mara nyingine, na matokeo yake yalitofautiana sana.

Marekani na Japani walikwaruzana miaka ya 1980, Japani ilipokuwa imewafunika Wamarekani kwenye memori za DRAM. Intel yenyewe ilijiondoa kwenye biashara hiyo mwaka 1985. Mwaka 1986 wakatia saini mkataba: Japani isiuze chini ya bei zilizopangwa, na ifungue soko lake mpaka chipu za nje zifikie kama asilimia 20. Aprili 1987, Marekani ikidai mkataba haufuatwi, Rais Reagan akaweka ushuru wa asilimia 100 kwenye bidhaa za Kijapani za dola milioni 300, zikiwamo kompyuta na televisheni. Nani alifaidika? Kwenye memori, si Marekani. Bei zilipopandishwa kwa mkataba, Wakorea walipata nafasi ya kuingia chini yake. Samsung ilikuwa imeanza DRAM mwaka 1983 na ilikuwa ikipata hasara. Bei nzuri zikaipa pumzi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa ikiongoza dunia kwa DRAM. Japani, iliyokuwa na karibu nusu ya mauzo ya chipu duniani mwaka 1988, ilikuwa imebaki na kama asilimia 10 tu miaka 30 baadaye. Sitaubebesha mkataba lawama zote: yeni ilipanda thamani sana baada ya 1985, na kampuni za Kijapani zilichelewa kuuelewa mtindo mpya wa Taiwan wa kutenganisha anayebuni na anayetengeneza. Lakini somo la mtu wa tatu linabaki. Ukimbana mshindani wako bei au soko, angalia nani amesimama pembeni akisubiri.

Julai 2019 ilikuwa zamu ya Japani kuwabana Wakorea, baada ya mzozo uliotokana na hukumu ya mahakama ya juu ya Korea Kusini kuhusu Wakorea waliofanyishwa kazi za kulazimishwa wakati wa vita. Japani ikaweka leseni kwenye kemikali tatu za viwanda vya chipu na vioo vya simu: haidrojeni floridi, dawa ya kupokea mwanga inayopakwa kwenye silikoni, na poliimidi yenye florini. Korea ilikuwa ikiagiza zaidi ya asilimia 90 ya mbili kati ya hizo kutoka Japani. Viwanda vya Samsung na SK Hynix havikusimama. Soulbrain ya Korea iliongeza uzalishaji wa haidrojeni floridi, DuPont ya Marekani ikatangaza Januari 2020 kuwekeza Korea kwenye dawa ya kupokea mwanga, na wauzaji wa Kijapani ndio walioona mauzo yao ya haidrojeni floridi yakiporomoka. Japani iliondoa masharti hayo Machi 2023. Wateja waliokwisha kuzoea kununua nyumbani hawakurudi wote.

Upande mwingine iko Urusi. Chipu zake za Elbrus na Baikal zilibuniwa nyumbani lakini zikitengenezwa na TSMC. Baada ya uvamizi wa Ukraine mwaka 2022 mlango ukafungwa, na kiwanda cha nyumbani cha Zelenograd kilichobaki kinaishia karibu na nanomita 90. Hakuna Naura ya Kirusi iliyochipuka, kwa sababu soko la ndani ni dogo mno kulisha mnyororo mzima. Wasovieti nao waliishi chini ya vikwazo vya nchi za Magharibi kuanzia 1949, wakaamua kunakili mashine za IBM na chipu za Intel. Walifanikiwa kunakili, na kwa kunakili wakabaki nyuma daima, maana nakala ikikamilika mwenye asili alishahama.

Hata zuio la mmea limewahi kuwapo, na sisi wa Tanga tumo kwenye historia hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 biashara ya nyuzi za jamii ya mkonge ilishikwa na Yucatán, Mexico, na wenyewe hawakutaka miche itoke. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kwa mzunguko, kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba ya Korogwe, Muheza na Ngomeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza dunia kwa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Watu wakisikia hadithi hiyo husema: unaona, zuio halifui dafu. Lakini mche wa mkonge hubeba maarifa yake yote ndani yake; ukiupata mmoja, unazaa mingine bila kumuuliza mwenye asili. Mashine ya EUV haizai. Ukiiiba leo ukaifikisha Shanghai, utahitaji vioo vya Zeiss vya akiba, matengenezo ya leza, programu za kila mwezi, na watu walioishi nayo miaka 20. Kwa hiyo zuio la bidhaa inayojizalisha, au inayonakilika kirahisi, huvuja upesi. Zuio la mashine inayohitaji kuhudumiwa hushika muda mrefu. Na zuio la chipu yenyewe, ndogo ya kuingia mfukoni, liko katikati: Oktoba 2024 ilibainika kwamba ndani ya chipu za akili mnemba za Huawei mlikuwa na vipande vilivyotengenezwa na TSMC, vilivyopitia mlango wa kampuni nyingine.

Anayezuia naye hulipa. Nvidia ilitengeneza chipu za A800 na H800 ili zipite chini ya kiwango cha uwezo kilichowekwa 2022. Oktoba 2023 kiwango hicho kikashushwa. Ikatengeneza H20, Aprili 2025 nayo ikawekewa leseni, na Nvidia ikaandika hasara ya dola bilioni 4.5 katika robo hiyo moja. Julai ikaruhusiwa tena, na safari hii serikali ya China ndiyo ikawaambia watu wake wasinunue. Mkuu wa kampuni, Jensen Huang, amesema hadharani kwamba sehemu yao ya soko la China ilishuka kutoka asilimia 95 mpaka nusu, na baadaye mpaka sifuri. Fedha hizo zingelipia utafiti wa chipu zijazo za Kimarekani. Sasa sehemu yake inalipia wahandisi wa Huawei. Kusitasita huku kwa kufunga, kufungua, kufunga tena, ndiko ninakokulaumu kuliko zuio lenyewe. Mteja akishaona ruhusa yaweza kufutwa wakati wowote, atajenga cha kwake hata siku ambayo mlango uko wazi.

China nayo imejibu kwa silaha zake. Tangu tarehe 1 Agosti 2023 inatoa galiamu na jemaniamu, metali zinazotumika kwenye chipu, kwa leseni, nayo huzalisha takriban asilimia 98 ya galiamu ya dunia. Desemba 2023 ikaongeza madini ya kinywe (grafiti), na hapo ndipo kampuni zikazidi kuitupia macho Mahenge na Ruangwa, ambako kwetu yanapatikana. Desemba 2024 ikazuia kabisa galiamu na jemaniamu kwenda Marekani, zuio lililositishwa kwa muda Novemba 2025 baada ya Trump na Xi kukutana Busan.

Sasa la kwetu, fundi. Tukio ambalo lingeweza kufika mezani kwako halikutoka kwenye EUV wala Nvidia. Lilitoka kwenye diodi na MOSFET za bei ya chini. Nexperia ya Nijmegen, Uholanzi, ni mtengenezaji mkubwa wa vitu hivyo. Nina hakika umewahi kushika kazi yake hata kama hukusoma nembo. Mmiliki wake ni Wingtech ya China. Tarehe 30 Septemba 2025 serikali ya Uholanzi ilijitwalia udhibiti wa maamuzi yake, na siku nne baadaye China ikazuia bidhaa zake zilizokamilishwa kwenye kiwanda cha China zisitoke nje. Kumbe sahani zinachongwa Ulaya, lakini sehemu kubwa hukatwa, hufungwa na kupimwa China. Mwisho wa Oktoba Honda ilisimamisha uzalishaji kwenye kiwanda chake cha Celaya, Mexico. Gari la mamilioni lilikwama kwa kukosa kijitu cha senti chache. Novemba Uholanzi ikasitisha amri yake.

Tukio hilo linanifanya niseme kwamba hatari ya watu wa mwambao wetu haiko kwenye chipu za juu, ambazo wachache wetu tunazinunua. Iko siku ambayo chipu za kawaida, zinazozidi kukusanyika upande mmoja wa dunia, zitakapotumiwa kama fimbo. Inveta ya zahanati ya kijijini, mita ya umeme, taa ya boda na pampu ya maji vyote vinaishi kwa hizo. Hili linanitia wasiwasi wa kweli, na sioni likijadiliwa vya kutosha kwetu.

Kwa biashara yako ya sasa, kwanza usikubali kila bei ikisingiziwa vikwazo. Memori zilipopanda bei kwa kishindo mwishoni mwa 2025, sababu kuu ilikuwa vituo vya akili mnemba kununua memori kwa wingi mno. Micron ilifikia kutangaza Desemba kwamba inaacha kuuza memori za rejareja za Crucial. Simu za bei ya chini zenye hifadhi kubwa zitaguswa na hilo, kwa hiyo simu chakavu yenye memori nzima usiitupe.

Pili, anza kuzoea majina mapya kwenye bodi. Utakuta chipu ya udhibiti ya GD32 ya GigaDevice ya Beijing pale ulipozoea STM32 ya STMicroelectronics, hasa kwenye vidhibiti vya sola na inveta. Miguu mara nyingi imepangwa sawasawa, jambo linalomshawishi fundi kung'oa hii na kupachika ile. Usifanye hivyo kabla ya kusoma karatasi ya vipimo vya zote mbili: kasi ya saa na muda wa kuandika memori ya ndani hutofautiana, na chipu mpya huja tupu, bila programu ya kiwanda iliyokuwa ndani ya ile ya zamani. MOSFET na diodi ni rahisi zaidi. Linganisha volti, ampea na ukinzani wakati inapitisha umeme, na nembo ya nchi gani imechapishwa mgongoni isikusumbue.